Mke wa Fundi Kapeleka Laptopu kwa Jirani

Nyinyi mnaoniandikia kila siku mkiuliza "laptopu yangu nzito, niweke diski gani ya haraka", mnanichosha. Nimeshajibu mpaka vidole vimeota sugu. Toa ile diski ya zamani inayozunguka na kunguruma kama mashine ya kusaga, weka SSD, basi, itaamka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Si siri ya serikali hiyo. Ila hakuna hata mmoja wenu anayeuliza swali lenye maana, kwamba nani aifungue. Hilo mnaliruka kana kwamba kufungua mashine ya mtu ni kazi ya yeyote mwenye bisibisi.

Leo siwatajii diski. Leo nawapa habari za Cak Prasojo, na Cak kwa hapa kwetu ni kaka.

Prasojo ni fundi laptopu ghorofa ya pili, jengo la Wonoasri, hapa hapa Surabaya. Ukipita zile ngazi za umeme ambazo sijawahi kuziona zikitembea, kata kushoto, utamkuta kwenye fremu yake kainama, shati limefunguliwa vifungo vya juu, feni inampuliza kisogoni. Mikono anayo, siwezi kumnyima hilo. Wanafunzi wanamletea mashine zilizomwagiwa kahawa, zilizokaliwa na watu wazima, na zinaondoka pale zikiwa nzima. Ana mteja mmoja, dada wa benki, Mbak Wening tunamwita, mwenye laptopu nyeupe. Siku alipombadilishia diski, Prasojo alimsafishia na vitufe kwa kijiti cha pamba, kimoja kimoja. Mbak Wening akamwambia, "Cak, imekuwa kama nimeinunua leo." Jamaa akatembea na tabasamu mpaka nyumbani, na kosa lake likawa kwamba alipofika alisimulia.

Mkewe anaitwa Lilik, ila yeye humwita Dik, yaani mdogo wangu. Naye anafanya kazi kwa laptopu: anapanga kurasa za vijitabu vya Yasini, vile vinavyogawiwa kwenye kisomo cha arubaini au cha siku ya elfu ya marehemu, picha yake mbele, majina ya watoto na wajukuu nyuma. Wanaojua wanasema mkono wake mzuri, hakosei jina la mjukuu. Lakini mashine yake ilikuwa ya mateso. Anabonyeza kitufe, anakwenda jikoni kukaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, anageuza, anamlisha paka, anarudi, kile kiduara bado kinazunguka. Ile diski ilikuwa inanguruma, nyumba nzima inaisikia.

Usiku ule wa kijiti cha pamba, Lilik aliweka kijiko chini.

"Vitufe vyote?"

"Kimoja kimoja, Dik. Ungeviona."

"Changu cha A kimefutika. Nabahatisha."

"Nitakushughulikia."

"Ulisema hivyo Idi ile. Siyo hii iliyopita. Ile nyingine."

"Wateja kwanza, Dik. Wewe uko nyumbani, hukimbii."

"Kwa hiyo mpaka uniache ndo niingie kwenye foleni?"

Prasojo akacheka, akaongeza wali. Alidhani ni utani.

Sasa, Lilik kazi zake zote anapewa na Koh Hengky, Mchina wa hapa mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mtaa wa nyuma ya jengo. Koh Hengky hana maneno mengi. Wiki ile alimwita, akamwambia akiwa anahesabu rimu za karatasi, bila hata kumtazama. "Lilik, kuna binti mmoja Sidoarjo. Namtumia majina asubuhi, mchana kurasa zote zimerudi. Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini ukichelewa tena, hata mara moja, kazi zote zinakwenda Sidoarjo."

Na kazi iliyokuwa mbele ilikuwa kijitabu cha marehemu mume wa mama mmoja wa mtaani kwao, Bu Mursiyah, kisomo cha siku ya elfu. Kurasa zilitakiwa Jumatatu asubuhi.

Lilik hakumjua huyo wa Sidoarjo, mji wa jirani. Alichofanya ni kile ambacho na wewe ungefanya, alimtafuta kwenye simu, kwa kuandika "vijitabu vya Yasini Sidoarjo". Akapata picha: binti kakaa mbele ya meza safi, ua moja kwenye glasi, laptopu nyembamba kama krupuk, zile krispi zetu za kukaanga. Akaitazama ile picha kama mtu anavyomtazama mke mwenza. Akaikuza aone vitufe, akaona A ipo.

Hapo ndipo akaamua.

Mkabala na fremu ya Prasojo, yaani wakinyoosha mikono wanashikana, kuna fremu ya Cak Lukito. Kazi ile ile, wateja wale wale. Prasojo ana kijicho naye cha miaka. Bango la Lukito linawaka taa, lake la kitambaa. Feni ya Lukito haipigi kelele. Mteja akisimama katikati ya ujia akiangalia kushoto na kulia, Prasojo hapumui mpaka ajue ameelekea wapi. Lakini jengo lina desturi zake na hakuna anayezivunja. Lukito ni Mkatoliki, kwa hiyo Ijumaa mchana fremu zote za upande ule zikienda msikitini, yeye ndiye anazilinda. Krismasi, Prasojo analinda yake. Tena ukipungukiwa kifaa unavuka, unafungua kabati la jirani, unachukua, unamwambia baadaye. Na jirani haulizi mteja ni nani. Hilo ni mwiko, kwa sababu ukiuliza leo, kesho utamnyemelea.

Kitu kingine. Kila fremu inabandika stika yake ndogo kwenye kifaa, jina la duka na mwezi kwa kalamu ya mwenyewe. Diski izunguke kwa mafundi wote wa jengo, stika inabaki ya aliyeinunua mwanzo, na ikifa ndiye anayeulizwa. Stika ikichanika, haulizwi mtu. Waranti imekwisha hapo.

Basi Ijumaa, adhana imeshalia, Prasojo kashashuka na saruni yake begani, Lilik akapanda na mkoba.

"Cak Luk, una diski ya haraka?"

Lukito akatazama fremu ya mbele, akamtazama yeye. "Mbak, duka la diski ni lile pale. Si mmeamka nalo?"

"Lile lina foleni."

"Mimi sitaki kesi."

"Kesi ya nini? Mimi ni mteja, nimesimama mbele yako na mashine mkononi. Unahudumia au huhudumii?"

Lukito akakuna shingo. Akauliza kama mume anajua. Lilik akamwambia mume alishaambiwa tangu Idi ile. Akamweleza na ya Koh Hengky, na ya Sidoarjo. Lukito akavuta pumzi, akapokea ile laptopu, akaangalia kabati lake. Diski zimeisha. Akavuka ujia, akafungua kabati la Prasojo, akachukua moja.

Sasa kukopi vitu kutoka kwenye diski ya zamani si mchezo, ile ya zamani yenyewe ndiyo inayochelewesha. Lilik akashuka kusubiri kule kwa Koh Hengky, na mashine ikabaki mezani imelala chali, tumbo wazi, nyaya zimetoka.

Prasojo akarudi kutoka msikitini.

"Luk, vipi, wameiba?"

"Hawakuiba. Nimechukua diski yako moja, nilikuwa na mteja."

"Sawa." Akakaa kidogo. Hakukaa sana. Diski yake, mteja wa mwenzake, kitu kile kilimchoma. Akavuka, mikono nyuma, kama bwana afya anayekagua mgahawa. Akainama juu ya ile mashine.

"Astaghfirullah. Luk, humu unaweza kupanda mchicha."

"Vumbi kidogo."

"Kidogo? Angalia hii. Manyoya ya paka." Akatoa unywele mrefu kwa ncha ya bisibisi, akauinua kwenye taa. "Mashine ya mwanamke hii. Siulizi ni nani, siulizi. Lakini huyu hana mume."

Lukito akajifanya anatafuta skrubu chini ya meza. "Labda anaye, ana kazi nyingi."

"Kazi gani? Mume gani anaacha mashine ya mkewe ifike hapa? Mimi ningeona aibu kutembea barabarani."

Mnaelewa kilichotokea? Laptopu zikilala chali zote zinafanana, ila kwa fundi aliyewahi kuzifungua. Prasojo anaitambua ya Mbak Wening kwa skrubu moja iliyochubuka. Ya mkewe hakuitambua kwa sababu hajawahi kuigeuza.

Jioni Lukito akashuka na mfuko akisema anakwenda kunywa kahawa, akamkabidhi Lilik mashine, na ile diski ya zamani ndani ya kikasha chake na waya, kama wateja wote wanavyorudishiwa. Maneno ya Prasojo akamfikishia pia, kwa sababu Lukito ni mtu mzuri lakini si malaika.

Jumamosi Lilik akaenda kwa Bu Mursiyah kuchukua majina ya wajukuu na vitukuu. Jumapili, jengo limefungwa, Prasojo yuko sebuleni na fulana, Lilik akaweka tempe kwenye mafuta kwa mazoea, akabonyeza kitufe. Tempe haijabadilika rangi, mashine inamuomba neno la siri. Akacheka peke yake kule jikoni.

Prasojo alisikia kile kicheko. Kisha akasikia kimya, na hicho ndicho kilichomnyanyua kwenye kiti. Ile ngurumo haipo.

Akaja kusimama nyuma yake. Lilik anafungua kurasa moja baada ya nyingine, swaa, swaa.

"Nani kaifungua hiyo?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Aliyekuwa na nafasi."

"Mwanamume?"

"Cak, unanichelewesha. Hiki kijitabu kinatakiwa kesho."

"Nimeuliza swali dogo tu, Dik. Mwanamume au mwanamke?"

"Mwenye bisibisi."

Prasojo akarudi kukaa, akawasha televisheni, akazima. Alikuwa anamuona kabisa huyo fundi kichwani: kijana, nywele zimepakwa mafuta, kucha safi, anaongea taratibu. Anamuuliza mke wa mtu, Mbak, unapenda iwe ya haraka kiasi gani. Wakati huo Lilik yuko mezani anapiga vitufe tangu asubuhi, hanyanyui kichwa. Karibu na adhuhuri akakumbuka upatu wa kina mama, mtaa wa pili, na siku ile zamu ya kupokea ni yake. Akafunga kifuniko, akavaa jilbabu, akamwambia mumewe, "Usiiguse." Akatoka.

Mwambie mtu yeyote neno lile, kichwani mwake litabaki lipi isipokuwa kuigusa?

Kwanza alisema ataangalia tu. Akainua kifuniko kidogo, aone vitufe. Vilikuwa vimesafishwa. Mianya yote, safi. Na kile kitufe cha A, kile kilichofutika, kilikuwa kimeandikwa upya kwa rangi nyeupe, kwa mkono, kwa utulivu, mpaka na mguu wa herufi umenyooka.

Diski angeimeza. A ile ilimshinda.

Akaigeuza. Skrubu zikatoka mfululizo, mikono inafanya kazi yenyewe. Sasa sikilizeni, huyu ni mtu anayewafokea wateja: zima kwanza, zima kabisa, usifunge kifuniko ukadhani umezima, imelala tu hiyo. Anawafokea mpaka wanaona haya. Na yeye ile mashine aliikuta imefungwa kifuniko tu, imelala, kijitabu cha Bu Mursiyah kiko wazi ndani yake, na akaishika ile diski kwa ukucha wa kidole gumba akaivuta kama anang'oa gugu shambani.

Stika ikachanika chini ya ukucha. Akaisogeza kwenye dirisha asome jina la huyo mwanaharamu.

Prasojo Komputer. Na mwezi, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wenye mkia.

Akasimama pale. Akaitazama ile diski, akalitazama lile tumbo la mashine lililo wazi. Vumbi lilikuwa limesafishwa lakini kwenye kona moja karibu na feni ulibaki unyoya mmoja wa paka. Paka mwenyewe alikuwa kalala juu ya televisheni anamwangalia. Ndipo Ijumaa yote ikamrudia, mchicha, unywele kwenye taa, huyu hana mume, mimi ningeona aibu kutembea barabarani.

Akairudisha diski, akafunga skrubu, akawasha. Ikawaka, haraka sana, hiyo tuiache. Ila kijitabu hakikufunguka. Akajaribu tena. Kikaleta kurasa tupu na alama za ajabu ajabu, maswali na vibanzi.

Lilik akarudi na kifurushi cha hela za upatu na sahani ya keki za mchele. Akaona bisibisi mezani. Akaweka sahani, akakaa, akajaribu kukifungua mwenyewe. Akajaribu tena.

"Nilikwambia usiguse."

"Diski ni yangu, Dik. Ina stika yangu."

"Najua ni yako. Lukito kanionyesha."

"Lukito?" Na hapa, nawaapia, katika hali ile, bado wivu ulipata nafasi. "Kwa nini Lukito? Wote hao, kwa nini Lukito? Na ile A kaandika yeye?"

"Ndiyo. Sikumwomba. Aliiona tu." Akamgeukia. "Wewe umekaa na hiyo A miaka. Halafu Ijumaa ukasimama mbele ya mashine yangu ukasema mwenyewe hana mume. Ulisema kweli."

Prasojo akaokota bisibisi mezani, akaitia mfukoni.

"Kesho Koh Hengky anataka kurasa," Lilik akasema. "Sina. Sidoarjo anazo. Kapeleke mwenyewe hizo kazi Sidoarjo, umwokolee Koh Hengky nauli."

Kilichomwokoa ni kile kikasha. Diski ya zamani ilikuwa bado na kila kitu mpaka Ijumaa mchana. Prasojo akaichomeka, ikaanza kunguruma kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza alifurahi kuisikia. Wakasubiri. Na hapo Prasojo akajua alichokuwa anasubirisha mtu, kwa sababu hakuna mahali pa kwenda, na mkewe kakaa pembeni anatazama kiduara. Sura zote za Qur'ani zilikuwemo, picha ya marehemu ilikuwemo. Kilichokosekana ni mpangilio wa asubuhi ile na ukurasa wote wa majina.

"Karatasi ya majina iko wapi?"

"Nilimrudishia Bu Mursiyah. Alitaka awasomee wanawe simuni wahakikishe."

"Basi mpigie."

"Nenda wewe."

Akaenda. Kwa miguu, jua la saa saba, kwa yule mama mjane aliyemwona akikua.

"Si mkeo kachukua majina jana?"

"Yamepotea, Bu."

"Yamepoteaje? Nasikia siku hizi mashine yake inakimbia."

"Ni mimi niliyapoteza."

Bu Mursiyah akamwangalia juu mpaka chini, akaenda ndani kuileta karatasi, na aliporudi akamsomea kila jina kwa sauti na kumtaka arudie, kama mtoto wa madrasa, hadi kitukuu wa mwisho aliyezaliwa Balikpapan.

Mchana ule wote Prasojo alisoma majina, Lilik akayachapa. Alijaribu kusogea kushika kipanya, akapigwa kofi la mkono. Alijaribu kusema angeweza kumuwekea na kumbukumbu ya ziada, mashine iruke kabisa. Lilik akasema, "Soma." Akasoma. Magharibi inaingia, kijitabu kimekamilika, na Lilik akakisevu mahali patatu huku mumewe anaangalia.

Jumatatu asubuhi Koh Hengky akafungua kurasa, akapitisha kidole kwenye majina, akasema, "Mapema hii," akaendelea na rimu zake. Akampa na kazi nyingine mbili. Sidoarjo hakutajwa.

Mnadhani yameisha hapo, wamepatana, fundi kajirekebisha. Wamepatana, ndiyo. Wanakula pamoja, wanacheka. Lakini Lilik alipotaka ile kumbukumbu ya ziada, hakungoja Ijumaa. Alipanda Alhamisi, mchana kweupe, akampita mumewe, akamwambia "Habari za kazi, Cak," akavuka ujia na kukaa kwenye kiti cha Lukito. Lukito akatoka jasho. Akamwagizia chai ya barafu. Lilik akainywa taratibu kwa mrija, anaangalia fremu ya mbele.

Prasojo akavuka na bisibisi yake.

"Dik, niruhusu basi mimi."

"Una foleni."

"Sina foleni. Angalia, hakuna mtu."

"Wateja kwanza. Mimi niko nyumbani, sikimbii."

Wauza chaja wa ujia mzima walisikia. Stika iliyochanika bado iko hivyo hivyo kwenye ile diski, na kwa desturi ya jengo haina waranti ya mtu. Prasojo ameomba kuibandika upya. Lilik amekataa. Anasema ikifa atajua pa kuipeleka, na anaposema hivyo anatazama mkabala.

Siku hizi Prasojo anafanya kazi na jicho moja. Kila laptopu inayolala chali kwa Lukito anavuka kuichungulia, anatafuta unyoya wa paka. Wateja wameanza kulalamika kwamba anakawia. Mbak Wening naye kaniandikia juzi, vitufe vyake havikusafishwa safari hii.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja. Ukifika Wonoasri na mashine yako nzito, ghorofa ya pili, kushoto, ukamkuta jamaa kainama na feni ya kelele, kabla hujamkabidhi muulize kama mkewe ameshamruhusu kuifungua ya kwake. Akisema bado, usimpe. Vuka ujia.